Nani Amsimulie Mtoto? Historia ya Kufasiri Matatizo ya Tabia na Hisia kwa Watoto na Vijana, na Ushahidi wa Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Msamiati wa Kiswahili wa kumwelezea mtoto asiyetulia ni mpana. Mtoto huitwa mtundu, mtukutu, mkaidi, mshari, mtoro au mtovu wa adabu. Yote haya ni maneno ya mtu mzima anayemtazama mtoto kwa nje na kumpitishia hukumu. Maneno ya huzuni nayo si haba: jitimai, simanzi, majonzi, kihoro, sononeko. Hata hivyo, maneno haya ya pili kwa kawaida humwendea mjane, mfiwa au mpenzi aliyeachwa. Ni nadra kumwendea mtoto wa miaka minane. Mgawanyo huu si jambo dogo. Unaashiria kwamba katika mazungumzo ya kila siku mtoto amehesabiwa kuwa na mwenendo, ilhali mtu mzima ndiye aliyehesabiwa kuwa na moyo.

Makala haya yanafuatilia historia ya namna matatizo ya tabia na hisia kwa watoto na vijana yalivyofasiriwa, kwanza katika mapokeo ya Kiswahili, kisha katika taaluma ya tiba ya Ulaya na Marekani, na hatimaye katika Afrika Mashariki ya kikoloni na ya baada ya uhuru. Hoja kuu ni kwamba historia hii, mbali na kuwa historia ya uvumbuzi wa maradhi, ni historia ya kugombea haki ya kusimulia. Kila hatua ya maana iliyopigwa katika kuwaelewa watoto hawa ilipigwa pale mtu fulani alipokubali kwamba tendo la mtoto lina kisa nyuma yake, na kwamba kisa hicho hakiwezi kujulikana bila kusikilizwa. Aidha, inadaiwa hapa kwamba riwaya ya Kiswahili ya miaka ya 1970 na ya mwanzo wa miaka ya 1980 ilifanya kazi hiyo ya kusikiliza wakati ambapo shule, mahakama na hospitali za eneo hili zilikuwa bado zinahukumu. Na kwamba uhakiki wa riwaya hizo mara nyingi umerudi nyuma ya riwaya zenyewe.

Nadharia za Mapokeo

Ni kosa kudhani kwamba kabla ya kuja kwa kliniki Waswahili hawakuwa na nadharia ya tabia ya mtoto. Methali zinaonyesha kwamba walikuwa nazo kadhaa, tena zinazopingana. Methali isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka ina nadharia ya urithi: tabia iko katika damu, na malezi hayawezi kuigeuza. Kinyume chake, methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo huweka mzigo wote juu ya mlezi. Nayo samaki mkunje angali mbichi huongeza kigezo cha wakati: kuna umri ambapo mtoto hukunjika, na ukipita huo hakuna budi kumvunja. Mchelea mwana kulia hulia yeye ni onyo kwa mzazi mwenye huruma, na ndiyo methali iliyotumiwa sana kukihalalisha kiboko.

Iko methali nyingine ambayo haitajwi mara nyingi katika mijadala ya malezi: mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Katika matumizi ya kawaida hutajwa panapokufa kiongozi au tegemeo la ukoo. Lakini sitiari yake ni ya watoto. Wana wa ndege hawayumbi kwa sababu ni wakaidi, wala kwa sababu hawakukunjwa mapema; wanayumba kwa sababu kilichowashikilia kimeanguka. Hapa mapokeo yenyewe yanatoa mlango wa kuusoma mwenendo kama matokeo ya msiba, ingawa mlango huo haukufunguliwa sana.

Katika utanzu wa utendi, mfano ulio maarufu zaidi wa malezi ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa kwa ajili ya bintiye mshairi yapata mwaka 1858. Thamani yake ya kisanaa na ya kihistoria haina ubishi. Kinachohusu hoja hii ni muundo wake wa kimawasiliano: mama mgonjwa anausia, binti anasikiliza. Huo ndio muundo wa fasihi ya wasia kwa jumla. Mtoto yumo ndani ya utungo kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini yumo kama sikio. Fasihi ya aina hii haikukusudia kumuuliza mtoto anaona nini, na si haki kuilaumu kwa kutofanya lisilokuwa lengo lake. Ila ni muhimu kukumbuka kwamba ndiyo iliyotangulia na kujenga matarajio ya wasomaji kuhusu mahali pa mtoto katika fasihi.

Ufafanuzi wa tatu wa mapokeo ulikuwa ule wa pepo na wa jicho. Mtoto anayepiga mayowe usiku, anayekataa chakula au anayebadilika ghafla aliweza kusemwa kuwa amepagawa au ametiwa jicho. Wanazuoni wengi wa mwanzo waliutupa ufafanuzi huu kama ushirikina. Hata hivyo, kijamii ulikuwa na faida moja ambayo ufafanuzi wa ukaidi haukuwa nayo: ulimwondolea mtoto lawama. Aliyepagawa hakuchapwa ili atubu. Aliangaliwa, na jamaa walikusanyika kumshughulikia. Udhaifu wa ufafanuzi huo ulikuwa kwamba sauti iliyotoka kinywani mwa mgonjwa ilihesabiwa kuwa ya pepo, si yake.

Kutoka Hukumu hadi Kisa: Ulaya na Marekani

Historia ya Ulaya nayo ilianza na hukumu. Mwaka 1845 daktari wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alichapisha kitabu cha picha na mashairi ya watoto ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Struwwelpeter. Katika toleo lililofuata aliongeza kisa cha Filipo, mtoto asiyeweza kutulia mezani hadi anaanguka pamoja na kitambaa na chakula chote. Wataalamu wa siku hizi hupenda kukitaja kisa hicho kama maelezo ya mapema ya mtoto mwenye tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Lakini katika kitabu chenyewe Filipo si mgonjwa. Ni mfano wa kuonya. Inastaajabisha kwamba Hoffmann huyo huyo, kuanzia mwaka 1851, aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili katika mji wake. Daktari alikuwa mmoja, ila utanzu aliouchagua ulimtaka ahukumu.

Mwaka 1902 daktari wa Uingereza, George Still, alitoa mihadhara mitatu mbele ya Chuo cha Kifalme cha Matabibu mjini London kuhusu watoto wenye akili ya kawaida ambao hata hivyo walikuwa wakali, wenye hasira za ghafla na wasioweza kujizuia. Still alilieleza tatizo lao kuwa ni upungufu wa uwezo wa kimaadili wa kujitawala. Hatua hii ilikuwa kubwa, kwa maana ilimtoa mtoto mikononi mwa mchapaji na kumtia mikononi mwa tabibu. Lakini lugha ilibaki ya maadili. Ukaidi ulibadilishiwa jina ukaitwa upungufu. Mtoto mwenyewe alibaki akitazamwa tu.

Mabadiliko ya kimsingi yalitokea Chicago. Mahakama ya watoto ilianzishwa katika mji huo mwaka 1899, na mwaka 1909 daktari William Healy aliwekwa kuongoza taasisi ya kuwachunguza watoto waliofikishwa mbele ya mahakama hiyo. Pamoja na vipimo vya mwili na akili, Healy alisisitiza kwamba lazima mtoto aulizwe atoe hadithi yake mwenyewe. Mwaka 1930 mwanasosholojia wa mji huo huo, Clifford Shaw, alichapisha kitabu The Jack-Roller, ambacho kiini chake ni maisha ya kijana mnyang'anyi yaliyosimuliwa na kijana mwenyewe. Kwa mhakiki wa fasihi jambo hili lina uzito wa pekee. Usimulizi wa nafsi ya kwanza, ambao ni mbinu ya fasihi, uligeuzwa kuwa chombo cha utafiti. Na mara ulipogeuzwa hivyo, wizi na utoro vikaanza kuonekana kama sura za kisa kirefu chenye mwanzo.

Huko Vienna, mwalimu August Aichhorn alifikia matokeo yanayokaribiana na hayo katika kitabu chake kuhusu vijana waliopotoka kilichotoka mwaka 1925, kikiwa na dibaji ya Sigmund Freud. Na mjini London, John Bowlby alichapisha mwaka 1944 uchunguzi wake wa watoto wezi 44 waliopitia kliniki alimofanya kazi. Kati ya hao, aliwatambua 14 ambao walionekana kutokuwa na upendo wala haya kwa mtu yeyote. Na 12 kati ya hao 14 walikuwa wametengwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wachanga. Utafiti huo umekosolewa baadaye kwa udogo wake na kwa mbinu zake. Lakini swali alilouliza lilidumu: mtoto anapoiba, ni kitu gani alichoibiwa kwanza?

Vitabu Viwili vya Shirika Moja

Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti ya Bowlby kuhusu malezi ya mama na afya ya akili ya mtoto. Miaka miwili baadaye, yaani 1953, shirika hilo hilo, katika mfululizo huo huo wa vitabu, lilichapisha kazi ya J. C. Carothers kuhusu akili ya Mwafrika. Carothers alikuwa daktari wa serikali nchini Kenya, aliyekabidhiwa hospitali ya Mathari mjini Nairobi mwaka 1938 ilhali hakuwa amesomea tiba ya akili. Vitabu hivi viwili havijasomwa pamoja mara nyingi inavyostahili. Kikisomwa cha kwanza, mtoto wa Ulaya anapewa historia ya ndani: anapenda, anapoteza, anaomboleza, na mwenendo wake mbaya ni lugha ya maombolezo hayo. Kikisomwa cha pili, Mwafrika mzima ananyimwa historia hiyo. Carothers alidai kwamba sononeko ni nadra kwa Waafrika, na akaufananisha utendaji wa akili ya Mwafrika na ule wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Palipokosekana moyo kwa mtu mzima, mtoto wake hangeweza kukubaliwa kuwa nao.

Matokeo ya fikra hizi hayakubaki vitabuni. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilimwagiza Carothers aandike kuhusu saikolojia ya Mau Mau, na andiko lake lilitolewa mwaka 1954. Katikati ya miaka hiyo, kambi ya Wamumu ilifunguliwa kwa ajili ya wavulana waliokamatwa kuhusiana na vita hivyo. Kambi hiyo ilisifiwa na watawala kwa gwaride, michezo, ufundi na nidhamu yake. Kilichokosekana katika mtazamo ulioiunda ni dhana kwamba wavulana hao, ambao wengi walikuwa wametengana na jamaa zao na kuona vita kwa macho, walikuwa na huzuni au hofu ya kusikilizwa. Walichukuliwa kuwa na tabia ya kurekebishwa.

Na bado ni Afrika Mashariki iliyotoa ushahidi mkubwa wa awali wa nadharia ya Bowlby. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwasili Uganda, na akiwa mshiriki wa taasisi ya utafiti wa jamii mjini Kampala alizitembelea kwa miezi kadhaa familia 26 za Baganda zenye watoto wachanga. Matokeo aliyatoa katika kitabu Infancy in Uganda mwaka 1967. Aliona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa kituo: hutambaa mbali kuchungulia ulimwengu, kisha hurejea. Mintarafu ya hoja ya makala haya, kuna jambo moja katika utafiti huo linalostahili kusisitizwa. Mama walioweza kumweleza mtafiti habari za watoto wao kwa undani, wakitaja mambo madogo madogo bila hata kuulizwa, walikuwa kwa kiasi kikubwa ndio mama wa watoto waliotulia na kujiamini. Kwa maneno mengine, mtoto aliyejulikana na kusimulika vizuri na mlezi wake ndiye aliyekuwa salama. Nadharia ambayo leo hufundishwa duniani kote ilipata sehemu ya mizizi yake katika vibaraza vya Buganda, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Carothers kutoka.

Utafiti wa miaka iliyofuata uliimarisha umuhimu wa kumuuliza mtoto. Katika kisiwa cha Wight nchini Uingereza, Michael Rutter na wenzake walichunguza mwaka 1964 na 1965 watoto wa umri wa miaka 10 na 11, wakatofautisha matatizo ya mwenendo na yale ya hisia, huku wakionyesha kwamba mara nyingi yote mawili hukutana katika mtoto mmoja. Walipowarudia wakiwa na miaka 14 na 15, waligundua kwamba vijana wengi walikuwa na huzuni ambayo wazazi na walimu wao hawakuwa na habari nayo. Nao uchunguzi uliochapishwa mwaka 1981, uliofanywa katika vituo vya afya vya Sudan, Ufilipino, Kolombia na India, ulionyesha kuwa kati ya asilimia 12 na 29 ya watoto waliofikishwa vituoni walikuwa na tatizo la akili au hisia, ilhali wahudumu waliwatambua wachache tu. Wengi walikuwa wameletwa kwa maumivu ya mwili. Msemaji wa Kiswahili hawezi kulishangaa hilo, kwa kuwa katika lugha yake moyo huuma, roho hukaa juu na kifua hujaa.

Riwaya Kama Kusikiliza

Riwaya tatu zinatosha kuonyesha jinsi fasihi ya Kiswahili ilivyoliingia suala hili: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Hakuna hata moja iliyoandikwa ili kuitetea nadharia ya kitabibu. Zote zinamchukua msichana ambaye jamii imekwisha kumpa jina, na kulirudisha jina hilo nyuma hadi kwenye chanzo chake.

Katika Rosa Mistika, Zakaria, mwalimu wa zamani aliyezama katika ulevi, anampiga bintiye kwa ukatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anaingia shule ya sekondari akiwa na woga wa wanaume unaomtenga na wenziwe. Baadaye, hasa akiwa chuo cha ualimu, woga huo unageuka kinyume chake, na anajitosa katika mapenzi ya kiholela mpaka mwisho wake wa kujiua. Msomaji wa haraka huona wahusika wawili: Rosa mwema wa mwanzo na Rosa mpotovu wa baadaye. Lakini mpangilio wa visa vya Kezilahabi hauruhusu mgawanyo huo. Woga na ujasiri wa kupindukia vinatoka katika pigo moja. Rosa hakufunzwa jinsi ya kuwa na mwanamume; alifunzwa kwamba mwanamume ni hatari, na mtu aliyefunzwa hatari peke yake hubaki na njia mbili tu, kuikimbia au kuikimbilia. Hapo ndipo matatizo ya hisia na matatizo ya mwenendo yanapokutana katika mtu mmoja, kama Rutter na wenzake walivyokuwa wakieleza kwa njia nyingine kabisa katika miaka iyo hiyo.

Rehema anakataliwa na babake, Fuad, kwa sababu ya rangi yake, na nyumba ya babake haimpi pa kushika. Yeye ni mwana wa ndege ambaye mti wake haukuanguka kwa bahati mbaya, bali ulikatwa na mwenye shamba. Maimuna wa Utengano, kwa upande wake, hakukataliwa, alifungiwa. Bwana Maksuudi anamtawisha bintiye kwa jina la heshima huku nduguye wa kiume, Mussa, akitembea na kusoma. Anapotoka, Maimuna anaukuta mji asioujua, na maisha ya baa na ukahaba yanamnasa. Riwaya inaonyesha kwamba kizuizi na utelekezaji, ingawa huonekana kuwa vinyume, vinaweza kumjeruhi mtoto kwa namna moja: vyote viwili humnyima kile kituo cha kutokea na kurejea ambacho Ainsworth alikiona katika nyumba za Baganda.

Ikumbukwe pia kwamba wahusika hawa watatu ni wasichana, na kwamba maumivu yao yanasomwa na jamii kama uasherati. Wavulana wa Wamumu walisomwa kama wahalifu. Jinsia, basi, ndiyo iliyoamua jina la hukumu: jeraha la mvulana liliitwa jinai na la msichana likaitwa umalaya. Riwaya ya Kiswahili ilikwenda mbali katika kumtetea msichana. Mvulana aliyeumia hakupata utetezi wa kina unaolingana na huo katika kipindi hicho.

Kosa la Upande wa Pili

Hata hivyo, kumtoa mtoto lawamani na kumtwika mzazi lawama yote ni kosa jingine, nalo lina historia yake. Leo Kanner, aliyeieleza hali ya usonji mwaka 1943, aliandika baadaye kuhusu ubaridi wa wazazi wa watoto hao, na katika miaka iliyofuata mama wengi walibebeshwa hatia ya hali ambayo sasa inajulikana kuwa haikusababishwa nao. Ripoti ya Bowlby nayo ilitumiwa na wengine kuwatia hatiani mama waliofanya kazi nje ya nyumba. Marekebisho yalitoka kwa Stella Chess na Alexander Thomas, ambao kuanzia mwaka 1956 walifuatilia watoto wa New York tangu uchanga na kuonyesha kwamba watoto huzaliwa na hulka tofauti, na kwamba kinachoamua mengi ni jinsi hulka ya mtoto inavyooana au kutooana na matarajio ya wanaomlea. Methali ya nyoka na methali ya malezi zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Kosa lilikuwa kuzitumia mojamoja.

Ni kwa msingi huu ambapo mwisho wa Rosa Mistika unapata uzito mpya. Kezilahabi anawapeleka Rosa na babake mbele ya hukumu ya Mungu, na suala la nani wa kulaumiwa linajadiliwa waziwazi. Yako mengi yaliyosemwa kuhusu mtazamo wa kidini na wa kifalsafa wa sehemu hiyo. Kwa mintarafu ya historia inayojadiliwa hapa, jambo la msingi ni rahisi zaidi: hapo binti anapata baraza la kumjibu babake. Huu ndio muundo wa wasia uliopinduliwa. Aliyekuwa sikio amekuwa kinywa, ingawa imembidi afe kwanza.

Sheria, Shule na Uhakiki

Lugha ya sheria ya Kenya imepitia safari inayofanana na hii. Chini ya sheria ya watoto na vijana iliyotumika tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, mtoto aliyefikishwa mahakamani bila ya kosa la jinai aliweza kuorodheshwa kuwa anahitaji ulinzi au nidhamu. Kiunganishi hicho kilibeba utata wa enzi nzima: aliyeumizwa na aliyeumiza waliwekwa katika fungu moja. Sheria ya Watoto ya 2001 iliacha kutaja nidhamu na badala yake ikazungumzia malezi na ulinzi, na mwaka huo huo kiboko kilipigwa marufuku shuleni. Sheria ya Watoto ya 2022 ilishika mahali pa ile ya 2001. Na mwaka 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Kabla ya uamuzi huo, kijana aliyenusurika katika mwisho kama wa Rosa angeweza kutoka hospitali akapelekwa mahakamani.

Uhakiki haukwenda kwa mwendo huo. Rosa Mistika ilipotoka, mjadala mkubwa ulikuwa kama inafaa kusomwa na vijana, na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Utengano ilipata bahati tofauti na kufikia kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Lakini hata pale riwaya hizi ziliporuhusiwa, usomaji uliotawala darasani umekuwa ule wa kuorodhesha sifa za wahusika: fulani ni mpotovu, fulani ni mwasherati, fulani hakusikia la mkuu. Kisha hutolewa funzo, na mara nyingi funzo hilo ni kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hivyo Maimuna na Rosa huhukumiwa mara mbili, mara ya kwanza na jamii iliyomo ndani ya riwaya, na mara ya pili na msomaji aliyepewa nafasi ya kujua zaidi ya jamii hiyo. Orodha ya sifa ni lugha ile ile ya mtundu, mkaidi na mtovu wa adabu, iliyovikwa joho la taaluma.

Hapana budi kutahadhari. Mhusika si mgonjwa, na riwaya si faili la kliniki. Mhakiki anayempachika Rosa jina la ugonjwa kutoka katika orodha za kitabibu atakuwa ameondoa hukumu moja na kuweka nyingine, kama Still alivyofanya mwaka 1902. Kinachotakiwa ni kuuliza maswali ambayo ni ya kifasihi hasa. Ni nani katika matini anayempa mtoto jina? Ni nani anayesimulia tendo lake, na kutoka mahali gani? Ni kisa kipi kilichotangulia tendo hilo katika mpangilio wa matukio, na je, wahusika wengine wanakijua, au ni msomaji tu anayekijua? Panapokuwa na pengo kati ya anachojua msomaji na wanachojua wazazi na walimu waliomo katika riwaya, pengo hilo ndilo maudhui.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuelewa matatizo ya tabia na hisia kwa watoto na vijana kumekua kila mara usimulizi ulipobadilika mikono: kutoka kwa mshairi wa maonyo hadi kwa tabibu, kutoka kwa tabibu hadi kwa mtoto aliyeulizwa na Healy, na kutoka kwa mtawala wa kikoloni aliyemnyima Mwafrika moyo hadi kwa mama wa Kiganda aliyeweza kueleza kila ishara ya mwanawe. Riwaya ya Kiswahili ina mahali pake halali katika historia hiyo. Ilisimulia mioyo ya vijana wa Afrika Mashariki wakati ambapo taasisi nyingi zilikuwa zikihesabu makosa yao.

Jukumu linalobaki ni la wale wanaozifundisha riwaya hizi. Katika darasa lolote la sekondari linalosoma Utengano au Rosa Mistika, yamkini ameketi kijana ambaye huzuni yake haijulikani kwa mzazi wala kwa mwalimu, kama wale wa kisiwa cha Wight. Jinsi mhusika anavyojadiliwa mbele yake humfundisha iwapo kisa chake mwenyewe kikisemwa kitasikilizwa au kitatolewa funzo. Mhakiki anayemwandalia mwalimu mwongozo wa riwaya huwa, kwa kiasi hicho, ameamua pia jinsi kijana huyo atakavyojibiwa.